Asilimia Tisa Ni ya Nani?

Msumeno umeshapita. Tawi la mbuni liko chini, juu ya majani makavu ya migomba, na kwenye panda yake kuna kiota kisichozidi kikombe cha kahawa ya mtaani. Ndani yake mayai mawili, meupe kama maziwa, yenye madoa ya hudhurungi upande mnene. Juu kwenye mti wa mringaringa, ndege dume anapiga kelele za mkwaruzo, anaruka tawi hadi tawi na mkia wake mrefu ukimfuata nyuma. Ni mwanzoni mwa Machi, Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Masika yananukia, na kila mwenye kahawa anakimbizana na kupogolea kabla ardhi haijawa tope.

Mzee mwenye kihamba, yaani shamba la familia la Kichagga, anatazama kiota, anatazama juu, kisha anauliza bila ubaya wowote: "Sasa mwanangu, huyu ndege ananisaidia nini kwenye kahawa?"

Jibu la haraka lipo, na kila aliyewahi kukaa kwenye semina ya mazingira analijua: anakula wadudu.

Wiki kadhaa sasa jibu hilo linanikera. Uongo haumo ndani yake, ila mzee hakuuliza ndege anakula nini. Aliuliza kuhusu kahawa.

## Anachokula hasa

Tukubaliane kwanza tunamzungumzia nani. Vitabu vya ndege vinamwita *Terpsiphone viridis*, jina alilopewa mwaka 1776. Humu nitamwita mkiarefu, inatosha. Ukiwa unaishi Moshi au Arusha umemwona: mgongo wa rangi ya kutu, kichwa cheusi chenye mng'ao, pete ya bluu kuzunguka jicho, na dume mwenye mkia unaoweza kuzidi mwili wake kwa urefu. Wapo pia madume weupe mgongoni na mkiani, wengi zaidi kadiri unavyosogea maeneo makavu ya mashariki mwa Kenya, na huku kwetu hutokea mara mojamoja. Mkia wote huo unabebwa na mwili wa gramu 12 hadi 16.

Ingawa anadaka nzi kama wadakaji wengine, ukoo wake uko kwingine. Kwa nasaba yuko karibu na mramba na kunguru kuliko vile vindege vya kijivu vinavyokaa kwenye waya za uzio vikisubiri inzi. Maisha yanayofanana yamewapa midomo inayofanana.

Mdomo wake ni mpana na bapa pale unapoanzia, na pembeni una nywele ngumu. Zamani watu walidhani nywele hizo ni wavu wa kunasia wadudu. Majaribio yaliyofanywa kwa ndege wengine wadakaji yaliashiria kazi tofauti: kukinga macho yasipigwe na mabawa na miguu ya mdudu wakati wa kudaka.

Anakaa kivulini, chini ya paa la majani, anachungulia. Anaruka mita chache, anadaka, anarudi. Mara nyingine anaelea hewani sekunde moja mbele ya jani na kuchomoa mdudu aliyejibandika chini yake. Nzi, nondo, mbu, vipepeo wadogo, buibui. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, anashiba mapema.

Sasa chukua orodha hiyo uipeleke kwenye wadudu wanaomnyima usingizi mkulima wa kahawa.

Ruhuka ni kidudu cha milimita mbili hivi. Jike anatoboa tunda kwenye kitovu, anaingia, anataga humohumo, na watoto wanakula buni ndani ya buni. Nje ya tunda anaonekana kwa muda mfupi tu anapohama kutafuta tunda jingine. Bungua mweupe anaishi ndani ya shina akiwa kiwavi kwa zaidi ya mwaka, na akitoka ni mbawakawa wa sentimita tatu mwenye gamba gumu. Ndege wa gramu 14 hamwezi. Kimatira anakaa katikati ya vishada vya matunda, ananuka, na haruki ovyo.

Watatu hao ndio wanaojaza madaftari ya mabwana shamba, na wote watatu wanaishi pale ambapo mkiarefu hawindi.

Wanaobaki ni nondo. Wapo nondo wadogo weupe ambao viwavi wao wanachimba njia ndani ya jani la mbuni hadi linabaki na mabaka makavu. Nondo hao hujificha chini ya majani na hushtuka ukitikisa mti. Hapo mkiarefu yuko kazini kweli. Lakini nondo wa jani si ruhuka, na ukimwambia mzee kwamba ndege huyu anamlinda na ruhuka umemdanganya.

## Nyavu kwenye mibuni 180

Hapa ndipo nilipodhani swali limepata jibu.

Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Alice Classen walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika papa hapa, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Walichukua mibuni 180 katika aina tatu za mashamba: vihamba vya asili vyenye migomba na miti mikubwa, mashamba makubwa yenye miti ya kivuli, na mashamba makubwa yaliyo wazi juani. Mibuni mingine waliifunika kwa nyavu ili ndege na popo wasiifikie. Mingine waliizuia isifikiwe na wachavushaji. Mingine waliizuia kwa vyote viwili, na mingine wakaiacha wazi.

Ndege na popo walipozuiwa, kiwango cha maua yaliyofunga matunda kilipungua kwa karibu asilimia 9. Wachavushaji hawakubadilisha idadi ya matunda, ila waliongeza uzito wa tunda kwa wastani wa asilimia 7.4.

Asilimia 9 si mchezo. Ukihesabu kwamba kilo tano au sita za matunda mabivu ndizo zinazotoa takriban kilo moja ya kahawa kavu, kila tunda lisilofunga linaonekana kwenye mzani wa chama cha msingi. Ningeweza kurudi Uru na tarakimu hiyo mkononi, nikamaliza.

Nikaisoma tena, na ikaanza kulegea.

Kwanza, nyavu hazikumchagua mkiarefu. Zilizuia ndege wote pamoja na popo, usiku na mchana. Asilimia 9 ni ya jeshi zima, na ndani ya jeshi hilo wapo wanaostahili sifa kuliko huyu mwenye mkia. Mmoja ni kindege cha kijani kilichofifia, gramu kumi hivi, kinachofika kwetu kila mwaka kutoka Ulaya na Siberia kuanzia miezi ya vuli na kuondoka mnamo Aprili. Hakina pambo lolote, kwa hiyo hakuna anayekipiga picha. Kazi yake kutwa ni kupekua upande wa chini wa majani, jani baada ya jani, kikiokota vidudu ambavyo mkiarefu hata havioni. Na popo wanaochukua zamu ya usiku, wakati nondo wengi ndipo wanaporuka, hawatajwi kabisa kwenye mabango ya uhifadhi.

Pili, na hili ndilo lililonisimamisha: hawakuona upungufu wa maana wa huduma hiyo kutoka kwenye kihamba chenye miti hadi shamba lililo wazi juani. Hoja tuliyoizoea inasema kata miti, ndege wataondoka, kahawa itaanguka. Jaribio la hapahapa mlimani halikuiunga mkono moja kwa moja. Kwa maoni yangu, sababu ni kwamba mashamba hayo yaliyo wazi hayako peke yake. Yamezungukwa na vihamba, makorongo ya mito na mabaki ya msitu, na ndege ana mabawa. Analala kwa jirani, anakula kwako. Shamba lililokata miti linaendelea kuhudumiwa na miti ya wengine.

Lakini hiyo ni tafsiri. Anayetaka kuitumia tarakimu hii kuhubiri lazima akubali kuisoma yote.

## Na wadudu wazuri je?

Swali hili linaudhi zaidi, kwa hiyo nitalipitia upesi.

Mkiarefu hana orodha ya wadudu wabaya na wazuri. Kinachoruka na kuingia mdomoni ni chakula: nzi wa kinyesi, nondo wa majani, na vilevile nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi na kuwaua. Nyigu hao ni msaada mkubwa kwa mkulima. Ndege mmoja anaweza kumfaa mkulima asubuhi na kumtia hasara mchana, kwenye mti uleule.

Huko Costa Rica, utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha ndege wakipunguza mashambulizi ya ruhuka kwa karibu nusu, na vinasaba vya ruhuka vikapatikana kwenye kinyesi cha aina chache za ndege. Habari hiyo huja hadi kwetu na kunadiwa kana kwamba ndege ni ndege. Hapana. Ndege wa huko ni wa huko, na wale waliokamatwa na ushahidi tumboni walikuwa wachache kati ya wengi walioishi humo shambani.

## Kinachomweka hapa

Nilipoacha kumhesabia faida, nikaanza kuona mambo niliyokuwa nayapita. Mkiarefu habaki kihambani kwa sababu ya kahawa. Anabaki kwa sababu ya nafasi.

Kihamba kina ghorofa. Juu kabisa kuna mringaringa, mruka, msesewe. Chini yake migomba, mita nne hadi sita. Kisha mibuni, halafu magimbi na mboga ardhini. Andreas Hemp, aliyeichunguza mimea ya mlima huu kwa miaka mingi, aliorodhesha zaidi ya aina 500 za mimea kwenye vihamba. Kwa ndege anayedaka hewani, uhondo uko kwenye uwazi ulio kati ya ghorofa moja na nyingine: kivuli juu, hewa tupu katikati, wadudu wakipita. Mibuni ya zamani ilipandwa mita 2.74 kila upande, kipimo cha futi tisa, na njia hizo ndizo ukumbi wake wa kuwindia. Mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, ukipita karibu ni bora zaidi, maana wadudu wa majini wanatoka humo na yeye hupenda kujenga karibu na maji.

Kiota nacho kina masharti yake.

Anataka panda nyembamba, mara nyingi yenye kuning'inia, ambayo nyoka au tumbili hawezi kuifikia bila kuitikisa. Kwanza anabandika utando wa buibui kwenye panda. Juu ya utando anaweka nyuzi laini za magome na vijizizi, na anazungukazunguka ndani akisukuma kwa kifua hadi tundu lipate mviringo. Nje anafunga tena kwa utando, kisha anapachika vipande vya kuvumwani, zile kuvu za kijivu zinazoota kwenye matawi makuukuu. Kikikamilika kinafanana na kifundo cha tawi, na unaweza kupita chini yake mwezi mzima usikione.

Angalia vifaa hivyo. Utando unataka buibui, na buibui hufa kwa dawa kali ya wadudu pamoja na kimatira uliyemkusudia. Kuvu za kijivu zinataka gome lililozeeka, na shamba lililokatwa visiki lote kwa mkupuo halina gome hilo kwa miaka. Panda nyembamba inayoning'inia ndiyo ileile ambayo mpogoleaji mzuri anaiona kuwa takataka.

Kwa hiyo mgogoro upo, na si wa mtu mbaya na ndege mzuri. Mbuni usiopogolewa unajaa kimatira, kwa kuwa kimatira anapenda kichaka kizito chenye giza. Kupogolea ni tiba. Anayemwambia mkulima asipogolee kwa ajili ya ndege anamwambia akanunue dawa, na dawa ndiyo inayomaliza buibui.

## Namna ya kukata bila kuangusha

Haya yanafanyika, na hayachukui muda.

Kabla ya kuanza mstari, simama chini ya kila mbuni utazame juu ukielekea mwangani. Kiota kinaonekana kwa chini kuliko kwa ubavuni. Dume naye hulalia mayai, na akiwa kiotani mkia unatokeza nje kabisa hata kiota chenyewe kisipoonekana. Ukisikia mkwaruzo wa hasira usiokoma, sogea mita kumi na usubiri. Kama kuna makinda, mzazi atarudi na chakula ndani ya dakika chache, naye atakuonyesha mahali.

Ukikiona, acha shina lile peke yake. Mbuni wenye mashina mawili au matatu unaruhusu: pogolea mengine, ondoa maotea, lakini usifyeke majani yaliyo juu ya kiota. Jua la saa saba linaua makinda haraka kuliko mwewe. Funga kitambaa kwenye shina ili kibarua wa kesho naye ajue.

Hesabu wiki tano. Mayai, ambayo kwa kawaida ni mawili au matatu, hulaliwa wiki mbili hivi. Makinda hukaa kiotani karibu wiki mbili nyingine. Wakitoka, bado wanalishwa kwenye matawi ya jirani, na wiki moja ya ziada inawatosha kuimarisha mabawa. Baada ya hapo kata.

Je, tawi likishaanguka? Kama ndani kuna makinda, lifunge kwa kamba palepale lilipokuwa au kwenye shina la jirani, kwa kimo kilekile, saa hiyohiyo. Majani ya tawi lililokatwa yatanyauka siku inayofuata, kwa hiyo funga kipande cha jani la mgomba juu yake kama kivuli, kisha uondoke kabisa. Wazazi wa makinda hurudi mara nyingi. Wa mayai mabichi hukata tamaa upesi na kwenda kujenga upya, maana bado hawajawekeza kitu kikubwa. Hilo la kwamba ndege hukimbia kiota kilichoguswa kwa sababu ya harufu ya mtu halina ukweli. Kinachomkimbiza ni wewe kuendelea kusimama pale.

Na wapiga picha, kwa heshima zote: kukata majani ili picha itoke safi ni kumwitia kunguru. Pale Ziwa Duluti, karibu na Arusha, wanaotembea na kamera ni wengi, na kiota kilichofunguliwa kwa ajili ya picha hakimalizi wiki.

Kuhusu dawa, ile ya kopa inayotumika kwa magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani si tatizo kubwa kwa buibui. Tatizo ni dawa ya wadudu inayopulizwa kwa kalenda, kuna kimatira au hakuna. Tandika shuka jeupe chini ya mbuni, puliza pareto, subiri, hesabu walioanguka. Rudia kwenye mibuni kadhaa iliyotawanyika shambani. Wastani ukiwa chini ya mmoja kwa mti, hela ya dawa ibaki mfukoni. Ukifikia mmoja hadi wawili, puliza, ila usipulize wakati wa maua.

## Kurudi kwenye swali

Jibu ninaloweza kumpa mzee sasa ni fupi na halipendezi kwenye bango. Mkiarefu peke yake hamwongezei kilo ninayoweza kumwonyesha kwenye mzani. Ndege wote na popo kwa pamoja wana asilimia 9 yao, na simjui aliyewagawia kila mmoja fungu lake kwenye mlima huu. Kwa upande mwingine, kumwacha kunamgharimu shina moja la mbuni kwa wiki tano. Nikiweka hayo mawili pamoja, naona sihitaji faida kubwa ili kumtetea. Gharama yenyewe ni ndogo mno.

Kinachonipa wasiwasi hakiko kwenye msumeno wa mzee. Kiko pale kihamba kizima kinapong'olewa kupisha nyanya au parachichi, na pale mringaringa unapouzwa mbao na nafasi yake kushikwa na migrevilea iliyonyooka, iliyofyekwa matawi hadi juu. Ghorofa zikibaki mbili, ukumbi wa kuwindia unakwisha, na lile jaribio la nyavu halikupima mlima ambao majirani wote wameshakata. Lilipima mlima ambao bado una majirani.

Kwa yule mwenye kahawa leo, sehemu rahisi ya kuanzia ni tarehe. Viota hufuata mvua. Kupogolea kukifanyika Januari hadi katikati ya Februari, mara tu baada ya mchumo wa mwisho, kunakuta viota vichache, na mbuni unapata muda wa kuchipua kabla ya masika. Siku hiyohiyo ya kupogolea okota matunda yote yaliyobaki juu na yaliyodondoka chini, uyachemshe au uyafukie kwa kina, kwa sababu humo ndimo ruhuka anamosubiri msimu ujao, na kwa kazi hiyo hakuna ndege atakayekusaidia.